Diski ya Mwalimu Shekalaghe Imejaa

Ipo nchi moja, wala si mbali na hapo ulipokaa, ambayo jina lake rasmi lina maneno kumi na saba. Sitalitaja lote. Wenyewe wakiliandika kwenye bahasha huanza upande wa mbele wakamalizia upande wa nyuma, na anwani ya anayeandikiwa ikakosa pa kukaa. Ndiyo maana barua zao hazifiki. Lakini ni nchi nzuri, yenye amani, na anayesema haina amani hupewa amani zaidi, maana huwekwa chumbani peke yake.

Nchi hiyo inaongozwa na mtu anayeitwa Mwenye Nchi. Aliwahi kuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini waliolijua wamezeeka na wengine wamesahaulishwa. Kitu chochote chenye jina lake au sura yake hakitupwi. Huo ndio mwiko wao mkubwa. Kalenda za miaka iliyopita zimelundikwa mvunguni. Gazeti halifungiwi maandazi wala halifutiwi vioo, kwa kuwa ukurasa wa kwanza yumo, wa pili yumo, na kwenye ukurasa wa michezo yumo pia, akiutazama mpira. Khanga yenye picha yake haigeuzwi tambara hata ikichakaa vipi. Mwanamke huivaa mpaka imchanikie mwilini, kisha huikunja na kuiweka kabatini juu ya zilizotangulia. Nyumba zimejaa. Watu wanalala wamejikunyata pembeni mwa magazeti yao. Hata panya hawafukuzwi, wamenenepa wanakatiza sebuleni mchana kweupe, kwa kuwa panya aliyekula gazeti ana Mwenye Nchi tumboni.

Kompyuta zilipoingia majumbani, mwiko ukaingia nazo. Kila siku saa moja kamili asubuhi, hotuba ya Mwenye Nchi hujileta yenyewe kwenye kila kompyuta nchini, hujifungua yenyewe, na wenye nyumba husimama wima. Ikiisha, wote hurudia kwa sauti sentensi ya mwisho. Kisha hotuba hujihifadhi humo humo, milele na milele. Kuifuta ni miaka saba jela.

Usidhani watu wale walikuwa wakisikiliza. Walisimama, ndiyo, lakini huku wamesimama walipiga mswaki, walikoroga uji, walichambua mchele. Masikio yalingoja sentensi ya mwisho tu, ambayo karibu kila siku ilikuwa "Asanteni kwa kunisikiliza." Basi nchi nzima ikawa inajishukuru kila asubuhi na kuketi.

*

Mwalimu Shekalaghe alifundisha jiografia miaka thelathini na minne, akastaafu, na kiinua mgongo chake kikatosha kununua kompyuta moja ya mezani. Mkewe, Bi Sikudhani, aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika isipate vumbi. Humo ndani Mwalimu aliweka picha za harusi yao, ramani za mito alizochora mwenyewe, na matokeo ya wanafunzi wake wote, hata wale waliofeli, kwa sababu alisema waliofeli ndio aliowakumbuka zaidi.

Na aliweka sauti ya mama yake.

Ngoja niieleze hiyo sauti, kwa sababu ndiyo iliyoleta mambo yote. Mama yake, Bi Mnyamisi binti Kupaza, alikuwa mtu wa bonde la Kwembago. Kaya sitini za bonde lile zililima mihogo na maharage tangu enzi ambazo hakuna mtu mwenye kalamu aliyewahi kufika huko, kwa hiyo hazikuwa na hati. Ofisi ya Mwenye Nchi ikalipenda bonde. Ikataka kupanda maua ya kuwavisha shingoni wageni wanaoshuka uwanja wa ndege. Watu wa Kwembago wakaenda Baraza la Ardhi, Baraza likataka shahidi wa mipaka, na shahidi aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, ajuza wa miaka tisini na kitu, mwenye pumu. Mwalimu akamleta mama yake mjini, akamkalisha mbele ya kompyuta, akamwekea maiki. Bi Mnyamisi alisema kwa dakika arobaini, shamba kwa shamba, mfereji kwa mfereji, huku akikohoa. Miezi miwili baadaye akafariki.

Baraza lilikubali kuisikiliza sauti ya marehemu kwa sharti moja, kwamba itoke kwenye kompyuta ileile iliyoinasa. Kopi haikubaliki. Kesi ikapangiwa tarehe. Zilibaki wiki tatu.

Asubuhi moja, Bi Sikudhani akiwa amesimama na upawa mkononi, hotuba ilifika katikati. Mwenye Nchi akasema, "Ndugu wananchi, katika maisha yangu sijawahi," kisha kimya. Skrini ikaandika: Diski imejaa. Wakangoja sentensi ya mwisho wairudie, haikuja. Hawakujua waketi au waendelee kusimama. Walisimama mpaka uji ukaungua.

*

Kompyuta ya nchi ile, ikipata hitilafu, hujishtaki yenyewe. Kabla ya adhuhuri barua ilikuwa imeshasukumwa chini ya mlango. Mwalimu alishtakiwa kwa kosa la kumkatiza Mwenye Nchi akiwa anazungumza. Alipewa siku saba ahakikishe nafasi imepatikana kwenye diski yake. Asipoweza, Mkaguzi angefika kuitafuta mwenyewe, "na kila kitu ambacho si cha Mwenye Nchi kitahesabiwa kuwa ni takataka."

Mwalimu aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kutukana mbele ya mkewe, lakini siku hiyo alitoka nje na kutema mate.

Alikwenda Idara ya Nafasi na Usafi wa Kompyuta za Majumbani. Ni jengo la ghorofa nane, na ngazi zake zimezibwa na magazeti ya zamani, kwa hiyo wananchi wote huhudumiwa chini, kwenye dirisha moja. Akaeleza kwa adabu kwamba ana hotuba elfu mbili na mia tisa, kwamba mia kadhaa ni hotuba ileile, ya Siku ya Kuku wa Kienyeji, iliyohifadhiwa mara moja kwa kila wilaya kwa kuwa makofi hayakufanana, na kwamba kuna faili lingine la saa tisa ambalo ndani yake Mwenye Nchi anakohoa tu. Akauliza kama walau hilo la kikohozi lingeweza kuondolewa.

Mama wa dirishani alimtazama kwa huruma. Akamwambia kikohozi kile ni cha kihistoria, kilitolewa kwenye Mkutano Mkuu wa Kilimo. Ila mwananchi anaruhusiwa kuomba, na maombi hufanywa kwa fomu maalumu, na fomu atatumiwa nyumbani kwenye kompyuta.

Akarudi. Fomu ikaja, au tuseme ilijaribu kuja. Fomu ya Kuomba Nafasi ilikuwa na maswali matatu na salamu za Mwenye Nchi za saa moja na nusu, zikiwa na matarumbeta. Skrini ikaandika: Diski imejaa, fomu haiwezi kupokelewa. Akarudi dirishani. Mama yule akamshauri kwanza atafute nafasi, ndipo apokee fomu, ndipo aombe nafasi. Nyuma yake kulikuwa na foleni ndefu ya watu waliokuwa na shida hiyohiyo, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Mwalimu akaondoka bila kuaga.

*

Ilibidi afute vya kwake. Alianza na matokeo ya wanafunzi. Mwaka mmoja mmoja, bofya, umekwenda. Nafasi ikapatikana kidogo, akashusha pumzi, akaagiza fomu tena. Kabla fomu haijafika, hotuba tatu zilizokuwa zimekwama nje ya mlango zikaingia kwa kishindo na kuketi mahali pa wanafunzi wake.

Akafuta ramani za mito. Ikaingia hotuba kuhusu mito.

Siku ya tano alimwita mkewe wakae pamoja mbele ya picha za harusi. Bi Sikudhani alizitazama zote, moja baada ya nyingine, bila haraka. Alicheka alipomwona shangazi yake aliyesinzia mezani na kofia imemwangukia kwenye pilau. Kisha akasema, "Futa, baba. Mimi nakukumbuka ulivyokuwa." Mwalimu akafuta, na mahali pa harusi yao pakaingia hotuba juu ya umuhimu wa familia.

Loo, watu hawa! Hata ukiwapa harusi yako hawashibi.

Siku ya sita hapakuwa na kingine cha kufuta. Ndani ya kompyuta ile mlibaki Mwenye Nchi na Bi Mnyamisi tu. Mkaguzi angefika kesho yake. Mwalimu alikaa kwenye kiti, mikono mapajani, akiitazama ile alama moja ndogo kwenye skrini iliyoandikwa "Mama", katikati ya hotuba karibu elfu tatu. Kama hiyo ingefutwa, kaya sitini zingehama. Hakuna kingine cha kupeleka Barazani.

Bi Sikudhani alikuwa mlangoni, anachambua mchicha. Akamkumbusha habari ya Mzee Hozza, jirani yao wa zamani. Manispaa walikuja kumbomolea ukuta. Yeye akabandika juu yake picha ya Mwenye Nchi, na ukuta ule mpaka leo umesimama katikati ya barabara, magari yanauzunguka. Mwalimu akasema kisa hicho anakijua, kinahusikaje hapa?

"Mpe jina lake," Bi Sikudhani akasema. "Faili si litakuwa lilelile? Badilisha jina tu."

Mwalimu alikataa. Alisema hawezi kumvisha mama yake jina la mtu yule, mama aliyekufa safi. Alizunguka sebule nzima akiruka marundo ya kalenda. Mkewe hakubishana, aliendelea na mchicha wake. Mwishowe Mwalimu akarudi kwenye kiti, akafuta neno "Mama", na kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akaandika: Hotuba ya Mwenye Nchi Kuhusu Mipaka ya Mashamba. Alipomaliza alinawa mikono kwa sabuni, akarudi akanawa tena.

*

Mkaguzi wa Nafasi, Bwana Ponsiano Lugoda, alifika saa nne akiwa na muhuri, mwavuli na njaa. Alikuwa na tumbo kubwa na sauti laini. Alikaa kwenye kiti cha Mwalimu, akauliza kama nyumba hii huwa haina karanga. Akaletewa. Akawa anamenya, anatafuna, na maganda anayatemea sakafuni palepale, kwenye sakafu ambayo Bi Sikudhani alikuwa ameideki asubuhi. Kila alipotaka kugusa kompyuta alifuta vidole kwenye kile kitambaa cheupe cha kufuma. Bi Sikudhani alikiangalia kitambaa chake kikigeuka rangi, akaingia jikoni ili asije akasema neno.

Huku anatafuna, Mkaguzi alitoa mhadhara. Alisema kompyuta ni mwili na uchafu wa wananchi ndio kitambi chake. Alisema taifa haliwezi kuendelea likiwa limebeba mapishi na picha za watoto. Alisema yeye binafsi amefuta kumbukumbu za kaya elfu nne, na hajawahi kukuta humo kitu cha maana.

Akakagua. Akagundua programu ya kuandikia barua, akaifuta, kwa maelezo kwamba mwananchi anayesikiliza vizuri hana sababu ya kuandika. Akafuta saa ya kompyuta, maana wakati upo redioni. Kisha akateremka kwenye orodha, jina baada ya jina, na ghafla akaacha kutafuna.

Akasimama.

"Hii hotuba," Mkaguzi alisema taratibu, "haimo kwenye orodha ya taifa."

Mkaguzi akachomoa daftari, akapekua, akapekua tena. Hotuba za Mwenye Nchi zote zina namba, na hii haikuwa na namba. Wewe na mimi tungefikiri kwamba sasa angeibofya na kuisikiliza. Hata. Katika nchi ile kusikiliza hotuba si kazi ya mtu yeyote. Kazi ni kuzitunza. Bwana Lugoda alikuwa mkaguzi miaka kumi na sita na hakuwahi kusikiliza hata moja kupita sentensi ya mwisho. Alichokiona yeye ni kimoja tu: hotuba iliyopotea, na yeye ndiye aliyeiokota. Macho yakamlowa. Alimkumbatia Mwalimu kwa mikono yake ya karanga, akamwambia nyumba hii imebarikiwa, akapiga muhuri juu ya kompyuta, akaituma Idarani.

Jioni hiyo redio ilitangaza kwamba Hotuba Iliyopotea imepatikana. Ilitangazwa papo hapo kuwa Hotuba ya Mwaka, itakayosikilizwa katika kila nyumba, kila asubuhi, kwa mwaka mzima. Bwana Lugoda akapandishwa cheo na kupewa gari.

Mwalimu na mkewe walitazamana. Sauti imepona, Bi Sikudhani akasema. Mwalimu akasema ndiyo, imepona. Wote wawili hawakuwa na furaha, na hawakujua kwa nini.

*

Barazani watu wa Kwembago walijaa mpaka kwenye madirisha. Walikuja na nguo zao za sikukuu. Kompyuta ilibebwa na wanaume wawili, ikawekwa mbele ya Mwenyekiti wa Baraza, naye akaomba wote wasimame, kwa kuwa hotuba inasimamiwa. Wakasimama.

Sauti ya Bi Mnyamisi ikatoka. Kwanza alikohoa. Kisha akasema: mimi Mnyamisi binti Kupaza, nimezaliwa Kwembago, kitovu changu kimezikwa nyuma ya nyumba ya Mzee Kupaza, na shamba letu linaanzia kwenye jiwe la kunolea mapanga, linashuka hadi mferejini. Akaendelea hivyo, jina la mtu na mpaka wake, jina la mtu na mpaka wake. Wazee kule nyuma walikuwa wanatikisa vichwa, kina mama wanafuta machozi kwa pembe za khanga. Dakika ya arobaini sauti ilipanda kidogo, ikasema: "Shamba langu ni langu. Atakayelichukua ni mwizi, hata akija amebebewa kiti." Ikazima. Ukumbi mzima ukarudia sentensi hiyo, kama desturi, na Mwenyekiti naye akairudia.

Kisha wakili wa Ofisi ya Mwenye Nchi akainuka, mwembamba, amevaa soksi zenye picha ya Mwenye Nchi. Akalishukuru Baraza. Akasema Ofisi imefarijika sana, maana kwa wiki nzima imetafuta ushahidi kwamba bonde ni mali ya Mwenye Nchi, na sasa Mwenye Nchi mwenyewe ameeleza kwa kinywa chake. Ametaja shamba lake, jiwe lake, mfereji wake. Kitovu chake kimezikwa pale. Nani atabisha?

Watu hawakuelewa mara moja. Mwalimu alielewa.

Alikuwa na njia mbili. Akikaa kimya, bonde limekwenda. Akisema kweli, amekiri kwamba aliandika jina la Mwenye Nchi juu ya sauti ya mtu mwingine, na hilo ni kosa kubwa kuliko la kufuta. Alimtazama mkewe kule kwenye benchi. Bi Sikudhani aliinamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya akimwambia chakula tayari. Mwalimu akasimama.

"Hiyo ni sauti ya mama yangu," alisema. "Ametaja hata jina lake. Nyote mmesikia ni mwanamke."

Mwenyekiti alimtazama wakili, wakili akaitazama dari. Kumfunga ilikuwa rahisi. Karatasi ya hukumu ilikuwa tayari mezani. Lakini ili umfunge, lazima uandike kwa nini. Lazima uandike kwamba taifa zima limesimama siku nane mfululizo, mawaziri na majenerali kwa pamoja, likimsikiliza bibi mwenye pumu akieleza habari za mihogo. Na nani aandike hivyo, akaweka na sahihi yake?

Mwenyekiti akakohoa. Akatabasamu.

"Siku hiyo," alisema, "Mheshimiwa alikuwa na mafua."

Ahueni ikapita kwenye meza ya mbele. Wakili akaongeza kwamba kikohozi ni kilekile cha Mkutano wa Kilimo, kila mwananchi anacho nyumbani akitaka kulinganisha. Na jina la Mnyamisi? Unyenyekevu, akasema Mwenyekiti. Wakubwa wa kweli hupenda kujiita kwa majina ya wadogo. Ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba shahidi aliguswa na hotuba mpaka akamkumbuka mama yake mzazi, na Baraza linampa pole. Bonde la Kwembago likatamkwa kuwa mali ya mwenye sauti, yaani Mwenye Nchi. Makofi yakapigwa. Mwalimu hakupiga. Alitema mate kwenye sakafu ya Baraza, na karani akaandika kwamba shahidi alikuwa na mafua pia.

Kama zawadi ya kutunza hotuba, akapewa diski mpya, kubwa mara kumi ya ile ya zamani. Aliifungua nyumbani. Ilikuwa imejaa tayari.

*

Wiki hiyo trekta likafika Kwembago. Lilifika saa moja kasoro dakika tano, dereva akaliwasha, akashusha majembe, na saa moja kamili spika ya serikali iliyofungwa juu ya trekta ikaanza kukohoa. Dereva akazima injini, akateremka, akasimama wima kama sheria inavyotaka. Watu wa kaya sitini walisimama mbele yake na vitu vyao vichwani. Dakika arobaini walimsikiliza Bi Mnyamisi, na sentensi ya mwisho ilipofika, hawakuirudia kwa kunong'ona na mswaki mdomoni. Waliirudia kwa kelele. Dereva naye akairudia, akiwa ameangalia majembe ya trekta lake. Halafu akapanda juu, akakaa tu, akashindwa kuwasha. Akaondoka kwa miguu.

Aliletwa dereva mwingine, na asubuhi iliyofuata naye akasikia. Na si Kwembago peke yake. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile, watu wakaanza kusikiliza hotuba tangu mwanzo. Kuna mama aliyechukuliwa kiwanja na diwani. Akawa anakwenda kusimama nje ya ofisi ya diwani kila saa moja asubuhi, na sentensi ikifika anaisema kwa sauti ya juu, na diwani dirishani analazimika kuisema naye. Walionyang'anywa ardhi nchi ile walikuwa wengi. Wakawa wanakwenda wengi. Mawaziri, kila mmoja na bonde lake, wakawa wanaamka na kusema kwa pamoja, "Atakayelichukua ni mwizi, hata akija amebebewa kiti," mbele ya wake zao na wapishi wao, na chai ikawa haiteremki.

Haikupita miezi miwili, asubuhi moja kabla ya saa moja, gari jipya likasimama mlangoni kwa Mwalimu Shekalaghe. Bwana Ponsiano Lugoda aliteremka amekonda kidogo. Hakusubiri kukaribishwa, alikaa kwenye kiti kile kile, na kwa mazoea akatafuta karanga kwa macho. Bi Sikudhani akamletea, safari hii na sahani ya maganda. Akayatemea sakafuni vilevile.

Alieleza shida yake kwa sauti laini. Kompyuta zote za nchi huichukua hotuba ile kutoka hii hapa, kwa kuwa hii ndiyo asili. Ikifutwa hapa, itafutika kote. Na Idara ina wasiwasi, haisemi ni mbaya, inasema tu inachukua nafasi. Sasa Idara yenyewe haiwezi kufuta hotuba ya Mwenye Nchi, Mwalimu anaijua sheria. Lakini kama Mwalimu, kwa hiari yake, angeandika kwamba ile si hotuba, kwamba ni mama yake kweli, kama alivyosema Barazani mwenyewe, basi mambo yangekuwa mepesi. Hatashtakiwa. Angeweza hata kurudishiwa picha za harusi, huenda kuna kopi mahali. Akamtazama kwa macho ya urafiki, kipande cha karanga kimemganda mdomoni.

Mwalimu alikiangalia kile kipande kwa kitambo. Akayaangalia maganda sakafuni, na kitambaa cheupe kilichokuwa kimefuliwa mara tano na mafuta hayajatoka.

"Mama yangu? Siku hiyo Mheshimiwa alikuwa na mafua," alisema. "Kama Idara inataka nafasi, ijaze fomu."

Mkaguzi akaigeukia kompyuta, akaiagiza fomu yeye mwenyewe, kwa vidole vyenye chumvi. Skrini ikafikiri, ikaandika: Diski imejaa, fomu haiwezi kupokelewa. Akajaribu tena. Bi Sikudhani alitoka jikoni, akasimama mlangoni amejifunga khanga kifuani, akawaambia ni saa moja kamili.

Bi Mnyamisi akakohoa. Bwana Lugoda akainuka, karanga mdomoni, mikono ubavuni, na Mwalimu akasogeza kiti chake nyuma ili mgeni apate mahali pa kusimama.